Kalamu Chini ya Neno: Utangulizi wa Uandishi wa Maandiko kwa Mkono

Sheria ya Musa inampa mfalme wa Israeli kazi ambayo angeweza kabisa kumwachia karani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inamtaka atakapoketi katika kiti cha enzi ajiandikie nakala ya torati kutoka ile iliyo kwa makuhani, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake. Mistari michache kabla ya hapo, mfalme huyo huyo amekatazwa kujirundikia farasi, wake na fedha. Baada ya makatazo hayo matatu anapewa kalamu. Sababu nayo inatajwa waziwazi: ajifunze kumcha Mungu, na moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake.

Anayeingia katika uwanja huu kwa mara ya kwanza atakuta mengi ya kumvuta macho: ngozi za ndama zilizopambwa kwa dhahabu, madaftari ya watakatifu, Biblia za vijana zenye pambizo zilizojaa rangi. Namshauri asiiachie ile sababu aliyopewa mfalme. Kuandika Maandiko kwa mkono ni shule ya kukaa chini ya neno la mwingine, na shule hiyo hupimwa mahali pawili. Pa kwanza ni ndani ya daftari: je, Andiko linasema kabla ya mwenye daftari? Pa pili ni nje: akishalifunga, anaishije na ndugu zake?

Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa theolojia, makatekista, wachungaji na viongozi wa vijana. Umeandikwa pia kwa Mkristo yeyote mwenye daftari ndani ya mkoba wa Biblia ambaye hajawahi kudhani kwamba analoliandika pale linastahili kusomwa na wataalamu. Linastahili. Kuingia hapa hakudai Kigiriki wala Kilatini. Kunadai uvumilivu wa kusoma mwandiko wa mtu.

Matendo matatu ndani ya daftari moja

Tukisema mtu anaandika Maandiko, tunaweza kuwa tunazungumzia matendo matatu tofauti, na mabishano mengi katika uwanja huu hutokana na kuyachanganya.

La kwanza ni kunakili. Mtu anafungua kitabu cha Ruthu na kukiandika chote, mistari yake 85, neno kwa neno, bila kuongeza lake. La pili ni kudondoa. Mtu anachagua mistari huku na huku na kuipanga chini ya vichwa: subira, deni, mauti, malezi ya watoto. La tatu ni kujibu. Hapa mtu anaandika maneno yake mwenyewe mbele ya Andiko: swali, toba, shukrani, malalamiko, azimio la wiki.

Daftari halisi huyabeba yote matatu. Ukilifungua, ukurasa mmoja unaweza kuwa na Zaburi iliyonakiliwa, muhtasari wa mahubiri ya Jumapili, na chini yake maombi ya mtoto aliye katika mtihani. Hata hivyo mpangilio wake una maana. Njia nyingi zinazofundishwa leo makanisani huweka Andiko mbele na jibu nyuma. Ile iliyoenezwa na Wayne Cordeiro, mchungaji wa Hawaii, ina hatua nne: kuandika andiko, kuandika ulichokiona ndani yake, kuandika utakavyolitenda, na kuandika sala. Anayeruka hatua ya kwanza kwa kuandika namba ya sura na mstari tu, kisha akajaza kurasa mbili za hisia zake, amefanya jambo ambalo huenda likamsaidia, ila amelihamisha daftari kutoka uwanja huu kwenda katika shajara ya kawaida.

Njia ndefu ya kalamu

Historia ya zoezi hili ni ndefu kuliko historia ya Biblia iliyochapwa, kwa sababu kwa karne nyingi hapakuwa na njia nyingine ya kuwa na Maandiko ila kwa mkono wa mtu. Katika karne ya 6 Cassiodorus, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa serikali huko Italia, alianzisha monasteri ya Vivarium kusini mwa nchi hiyo na kuwaandikia wamonaki wake mwongozo wa masomo. Ndani yake aliwasifu wanakili kuliko wafanyakazi wengine wote wa mikono: kwake, anayenakili huhubiri kwa vidole akiwa kimya, na kila neno la Bwana analoliandika humjeruhi Shetani. Karne sita baadaye Wakarthusi, wamonaki wa ukimya katika milima ya Ufaransa, walipokea wazo hilo hilo. Walikuwa hawapandi mimbarani, basi waliona kwamba vitabu wanavyoviandika ndiyo mahubiri yao.

Mmoja wao, Guigo wa Pili, aliacha ngazi ya hatua nne ambayo hadi leo huongoza mafungo mengi: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele za Mungu. Wamonaki walilinganisha kutafakari na ng'ombe anayecheua, na mfugaji yeyote wa kwetu anaelewa walichomaanisha: chakula kimeshamezwa, lakini kazi ya kukigeuza kuwa nguvu ndiyo kwanza inaanza, na haifanyiki kwa haraka. Katika uwanja wetu swali ni hili: kalamu iko kwenye hatua ipi ya ngazi hiyo? Jibu langu ni kwamba kunakili kuko kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Ni usomaji uliopunguzwa mwendo hadi ukaanza kuwa tafakari.

Barani Afrika njia hiyo haikukatika. Injili za Garima, zilizotunzwa katika monasteri karibu na Adwa, Ethiopia, zimepimwa kwa njia ya kaboni na kuonekana ni za kati ya karne ya 4 na ya 7, na ni miongoni mwa Injili za kale zaidi duniani zenye picha. Ethiopia ingali na waandishi wanaotengeneza ngozi na wino wao wenyewe na kuandika kwa Kigeezi. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayedhani kwamba asili ya jambo hili iko Ulaya aanzie safari yake huko kaskazini.

Matbaa ilipoenea, mtu angetarajia kalamu ipumzike. Haikupumzika, ilibadili kazi. Mwaka 1521 askari wa Kibaski aliyejeruhiwa mguu kwa mzinga huko Pamplona alikuwa kitandani nyumbani kwao Loyola. Aliomba riwaya za mashujaa wa farasi, hazikuwepo. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akaanza kudondoa, akajaza takriban kurasa 300, maneno ya Kristo kwa wino mwekundu na ya Maria kwa wino wa buluu. Askari huyo ni Ignasi, mwanzilishi wa Wajesuiti. Vitabu vile vilikuwa tayari vimechapwa, na hakuna aliyekuwa akingoja nakala yake. Aliandika kwa sababu ya kile ambacho kuandika kulikuwa kunamfanyia yeye.

Waprotestanti nao wakajenga desturi yao. Mwaka 1656 mchungaji wa Uingereza, John Beadle, alichapisha kitabu kizima cha kumfundisha Mkristo mwenye shukrani namna ya kuweka shajara ya matendo ya Mungu. Kule Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian, aliwapa waumini wake neno la siku kwa mara ya kwanza tarehe 3 Mei 1728, na kuanzia 1731 maneno hayo yakachapwa kila mwaka. Wamoravian hao hao walizoea kuandika wasifu wa safari yao ya imani ili usomwe wakati wa maziko, na maelfu ya wasifu huo yamehifadhiwa katika nyaraka zao. Ni kanisa hilo lililofika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891.

Mifano miwili inafundisha jinsi kitabu kilichochapwa na kalamu vinavyoweza kukaa pamoja. Johann Sebastian Bach alikuwa na Biblia yenye ufafanuzi wa Abraham Calov, akaandika ndani yake mwaka 1733 pamoja na jina lake, na kuacha masahihisho na maoni pambizoni. Penye habari za waimbaji na wapiga vinanda wa hekalu la Sulemani aliandika kwamba muziki wa ibada ukifanywa kwa uchaji, Mungu huwapo kwa neema yake. Naye Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton, Massachusetts, alipata takriban mwaka 1730 Biblia ndogo iliyofumuliwa na kushonwa upya, kila ukurasa uliochapwa ukikabiliana na karatasi tupu pana. Akaijaza maoni zaidi ya 5,000 kwa muda wa karibu miaka 30. Leo iko Chuo Kikuu cha Yale. Nitarudi kwake, kwa sababu daftari lake lina somo ambalo yeye hakukusudia kulifundisha.

Mkono unajua nini ambacho jicho halijui

Chukua Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mstari unaishia kwa kiitikio kile kile kuhusu fadhili za Mungu zisizokoma. Ukiisoma kimoyomoyo, jicho linajifunza baada ya mstari wa tatu kwamba nusu ya pili haina jipya, na kuanzia hapo linairuka. Ukiinakili huna pa kuruka. Utaandika kiitikio mara 26, na karibu na mstari wa nane mkono utaanza kunung'unika na kutaka kuweka alama za kurudia.

Usiweke. Kuanzia mstari wa 10 Zaburi inataja kupigwa kwa wazaliwa wa kwanza wa Misri. Mistari ya 19 na 20 inawataja Sihoni na Ogu, wafalme waliouawa. Mkono unalazimika kuandika habari za fadhili ubavuni mwa habari za maiti. Jicho lilikuwa limeusamehe mgongano huo, mkono hausamehi. Hapo ndipo swali la kweli la kitheolojia huzaliwa: fadhili kwa nani, na Mmisri aliyempoteza mtoto wake angeuimbaje wimbo huu? Kisha mstari wa 25 unapanua mlango ghafla: Mungu huyu ndiye anayekipa chakula kila chenye mwili. Mtu aliyefika hapo kwa kalamu amelipata swali lake, na pia amelisikia Andiko likianza kulijibu. Mfasiri mzuri wa Maandiko angeweza kuyaona haya bila kalamu. Wengi wetu hatuyaoni.

Hali ni ile ile kwa nasaba ya Mathayo, sura ya 1. Msomaji huipitia kwa jicho moja. Mnakili hufika kwa Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, na kujiuliza wanawake hawa wanne wanatafuta nini katika orodha ya wanaume.

Sayansi inasemaje? Hapa naomba mwanafunzi awe mwangalifu, maana wahubiri wengi huutwika utafiti zaidi ya unavyoweza kubeba. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi walioandika mhadhara kwa mkono walijibu maswali ya kuelewa vizuri zaidi ya waliotumia kompyuta. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwenye kompyuta huandika neno kwa neno bila kufikiri, ilhali mwenye kalamu hulazimika kufupisha. Soma tena sentensi hiyo: ikiwa ni kweli, inatetea muhtasari, haitetei kunakili. Isitoshe, jaribio hilo liliporudiwa na watafiti wengine na kuchapishwa mwaka 2021, faida ya kalamu katika mtihani haikujitokeza kama mwanzo. Mwaka 2024 watafiti wa Trondheim, Norwei, waliwapima ubongo wanafunzi 36 na kukuta kwamba kuandika maneno kwa mkono huunganisha sehemu nyingi zaidi za ubongo kuliko kubonyeza vitufe. Hayo ni matokeo ya kuvutia, lakini hawakupima sala, wala toba, wala kumbukumbu ya mwaka mmoja baadaye. Hoja ya Zaburi ya 136 inasimama kwa miguu yake: kunakili kunakuzuia kuruka. Hiyo yatosha kuanzia.

Kwetu: gombo, kaunta buku na sanduku la bati

Biblia ya Kiswahili nayo ilianza kama kazi ya mkono. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kufikia Juni mwaka huo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji, ambaye Krapf anamwandika kama Ali bin Mohedin. Fikiria jambo hilo kwa utulivu: Mwislamu msomi na mmisionari wa Kijerumani wakitafuta maneno ya uumbaji katika lugha ambayo tayari ilikuwa na desturi ndefu ya kuandikwa kwa hati za Kiarabu, mashairi na barua za Pate na Lamu. Biblia nzima iliyochapwa ilikuja baadaye: ya Kiunguja, tunda la kazi iliyoanzishwa na Edward Steere na wenzake wa Zanzibar, mwaka 1891, na ile ya Muungano ambayo wengi wetu tumekua nayo, mwaka 1952.

Pwani hiyo hiyo inatupa onyo la kitaaluma. Waswahili wanaijua nguvu ya andiko takatifu lililoandikwa: hirizi inayovaliwa, na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa na mgonjwa. Wakristo wa kale nao walikuwa na vipande vya mafunjo vyenye mistari ya Injili vilivyokunjwa ili vivaliwe, na Yohane Krisostomo alilalamika juu ya waumini waliotundika Injili shingoni. Mtafiti asije akacheka hapa, wala akaficha. Mpaka kati ya kuliandika Neno ili likuongoze na kuliandika ili likulinde si mstari mnyoofu, na madaftari ya Wakristo wetu mara nyingine yamesimama pande zote mbili.

Harakati ya Uamsho iliyoenea kutoka Rwanda na Uganda iliwapa walei sababu mpya ya kushika kalamu. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakafuatilia fundisho la Roho Mtakatifu kutoka mstari hadi mstari katika Biblia nzima. Hiyo ni kazi ya kudondoa kwa maana yake kamili, na Church baadaye alitoa mwongozo wa kuwasaidia Wakristo wa kawaida kujisomea Biblia kwa namna hiyo. Mkristo wa kawaida akawa na ruhusa, na hata wajibu, wa kupanga Maandiko kwa mkono wake.

Kwa mtafiti, jina la kukumbuka ni Karin Barber, ambaye mwaka 2006 alihariri mkusanyiko wa makala juu ya maandishi ya watu wa kawaida wa Afrika: barua, shajara, kumbukumbu zilizofungiwa katika masanduku ya bati chini ya vitanda. Yeye na wenzake walionyesha kwamba watu wasio maarufu walikuwa wakijitengeneza upya kwa kuandika. Madaftari ya Maandiko ni sehemu ya hazina hiyo. Yako katika kaunta buku zenye majalada magumu, katika madaftari ya shule yaliyobaki na kurasa tupu, nyuma ya kalenda za kanisa. Mengi hupotea. Mwenyewe akifa, mchwa hupata sehemu yake, unyevu yake, na kurasa zilizosalia hufungia karanga sokoni.

Mabishano unayopaswa kuyajua

La kwanza ni la mamlaka. Je, daftari halimfanyi kila mtu kuwa kanisa lake mwenyewe? Hofu hii ina msingi, hasa mtu anapoandika kila wazo kama kwamba limesemwa na Mungu. Desturi nyingi zimejibu kwa kuliweka daftari katikati ya watu: katika jumuiya ndogondogo, katika kikundi cha maombi, mbele ya mshauri wa kiroho. Kunakili kwenyewe ni kinga, maana anayenakili kitabu kizima hachagui mistari inayompendeza peke yake.

La pili ni la urembo. Kuna wanaoona Biblia zenye pambizo zilizopakwa rangi kuwa mchezo wa wenye muda na fedha za kununulia stika. Kabla ya kukubaliana nao, fikiria Biblia ya Saint John's: mwaka 1998 monasteri ya Wabenedikto ya Collegeville, Minnesota, ilimwagiza mtaalamu wa hati Donald Jackson aandike Biblia nzima kwa kalamu za unyoya juu ya ngozi ya ndama, na kazi ikamalizika mwaka 2011. Uzuri ni heshima ya zamani kwa Neno. Kinachofaa kuulizwa ni kama picha imeletwa na mstari au mstari umetafutwa ili ufae picha.

La tatu ni la simu. Biblia ya simuni ni rahisi, inatafutika, na kwa wengi ndiyo pekee waliyo nayo. Hakuna haja ya kuidharau. Lakini historia ya China inatukumbusha kwamba karatasi ina wakati wake. Katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, Biblia zilichukuliwa na kuchomwa, na Wakristo wakapitishiana kurasa zilizonakiliwa kwa siri. Walikuwa wakirudia alichofanya Baruku katika Yeremia 36: mfalme Yehoyakimu alilikata gombo na kulitupa motoni, Baruku akaketi na kuliandika tena, safari hii likiwa refu zaidi. Korea Kusini nako, ambako hakuna anayechoma Biblia, kunakili Biblia nzima ni zoezi linaloenziwa makanisani.

La nne ndilo zito, na hapa narudi kwa Edwards. Mwaka 1731, Biblia yake yenye karatasi tupu ikiwa ingali mpya, alikwenda Newport, Rhode Island, akanunua msichana mtumwa aliyeitwa Venus, wa umri wa takriban miaka 14. Baadaye aliandika rasimu ya kumtetea mchungaji mwenzake aliyelaumiwa kwa kumiliki watumwa. Maoni zaidi ya 5,000 ubavuni mwa Maandiko, na moyo uliinuka juu ya ndugu. Mwanafunzi atakayeandika habari za uzuri wa zoezi hili bila kumtaja Venus atakuwa ameandika tangazo la biashara. Edwards alijibu Andiko kwa akili yake yote, lakini juu ya jambo hili hakuliacha limjibu yeye. Sheria ya mfalme ilikuwa imetaja hatari hiyo kwa jina.

Jinsi ya kuanza

Kama unataka kuanza zoezi lenyewe, chagua kitabu kifupi na ukimalize. Waraka kwa Filemoni una mistari 25, na baada ya kumtaja Venus una sababu ya ziada ya kuanzia hapo, maana unahusu mtumwa anayerudishwa kwa bwana wake kama ndugu. Kushoto nakili, kulia acha wazi. Usiandike jibu lolote hadi sehemu nzima iwe imenakiliwa. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na uendelee, usichane ukurasa. Kosa lenyewe mara nyingi lina habari: umeliruka neno lipi, na kwa nini hilo? Weka tarehe. Mkipata nafasi, someaneni.

Kama unataka kuchunguza madaftari ya wengine, jifunze kuuliza maswali madogo. Ni tafsiri ipi ya Biblia inayonakiliwa, na ilibadilika lini? Andiko liko kwa Kiswahili lakini sala iko kwa Kihaya, Kinyakyusa au Kigikuyu? Ukurasa huo huo una hesabu za karo, michango ya harusi, siku za kliniki? Vitabu gani havionekani kabisa? Mtu aliyenakili Zaburi miaka mingi bila kugusa Amosi anakuambia jambo, na huenda anakuambia pia habari za kanisa lake.

Tena, kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, omba ruhusa. Madaftari haya yana toba, yana majina ya waliokosewa na waliokosa, yana magonjwa ambayo familia haikuyatangaza. Mwenye daftari akiwa hai, yeye ndiye wa kusema ni kurasa zipi zisomwe. Akiwa amefariki, ketini na wanawe wote, si yule mmoja aliyekuletea. Usipige picha ukiwa matangani. Ulichoazima rudisha, na unaposimulia ficha majina.

Kazi iliyo mbele

Uwanja huu bado ni mchanga katika lugha yetu, na kazi ni nyingi. Tunahitaji orodha za madaftari kwa dayosisi na kwa majimbo, hata kama ni za kuanzia parokia moja. Tunahitaji kuwasikiliza wazee waliojifunza kuandika ukubwani, katika kampeni za elimu ya watu wazima ambazo Tanzania ilizipa mwaka wake mahsusi, 1970, na kujua ni maneno gani waliyachagua kuyaandika walipoweza. Tunahitaji pia kuwakumbuka wasioandika kabisa: mama anayezijua Zaburi kwa moyo na kuzisema akipepeta mchele ana daftari la aina yake, na nadharia yoyote inayomwacha nje ina kasoro.

Lakini swali kubwa kuliko yote halijibiwi na maktaba. Mfalme alipewa kalamu ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake, na daftari peke yake haliwezi kutuambia kama lilifanya kazi hiyo. Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, ukishamaliza kusoma kurasa, usimuulize mwenye daftari peke yake zilimsaidiaje. Waulize wanaomdai, wanaoishi jirani yake, na anayemfulia nguo.